Mtoto anayeogopa mvua: mwongozo kamili kwa wazazi na walimu wa Bukavu

Mwongozo huu ni wa yeyote anayelea au kufundisha mtoto wa miaka 3 hadi 9 hapa Bukavu, na mtoto huyo ameanza kuogopa mbingu. Pengine wingu jeusi likitanda upande wa Kabare anaacha kula. Pengine kila jioni anauliza kama usiku huu mlima utashuka. Au amesikia kwamba dunia inaharibika, na asubuhi anagoma kwenda shule kwa sababu akienda, nani atabaki na mama?

Wataalamu huiita hofu ya tabianchi. Mwaka 2021 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 kutoka nchi 10. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno juu ya mabadiliko ya tabianchi, na asilimia 45 walisema wasiwasi huo unavuruga maisha yao ya kila siku. Afrika iliwakilishwa na nchi moja tu, Nigeria. Watoto wadogo hawakuulizwa.

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa kwa ajili ya mtoto aliyeona mafuriko kwenye televisheni. Huyo ukimwambia kwamba mambo hayo yako mbali, anatulia. Mtoto wa Chimpunda au wa Panzi ameona nyumba ya jirani ikiondoka na udongo. Ana jamaa Kalehe, ambako tarehe 4 Mei 2023 maji na mawe yaliifuta sehemu kubwa ya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Ukimwambia "hakuna shida", anajua unamdanganya, na kuanzia hapo atabaki na hofu yake peke yake.

Kwa hiyo sisi wa huku tunaanzia mahali pengine. Hofu ya mtoto ina sababu, na hatutafuti kuifuta. Tunataka ajue hatari ipi ni ya kweli na ipi ni uvumi, na zaidi ya yote ajue kwamba kuna mtu mzima anayeibeba ile ya kweli.

## Hatua ya 1: Jua anaogopa nini hasa

Wazazi wengi tunairuka hatua hii. Mtoto analia mvua ikianza, tunasema anaogopa mvua, basi. Lakini kichwani mwake huenda yamechanganyika mambo matano: mvua, mlima, volkano ya Nyiragongo, gesi ya Ziwa Kivu, na milio ya vita ya Februari 2025. Radi ikipiga, mtoto wa miaka minne hawezi kuitenga na bombe. Mwingine haogopi maji hata kidogo, anaogopa kwamba mvua ikija papa atakuwa bado yuko sokoni Kadutu.

Usimhoji kama polisi. Keti chini naye wakati mikono ina kazi, mnachambua maharage au mnatwanga sombe, na uulize swali moja tu: "Mvua ikianza, unafikiri nini kitatokea?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kwa mzazi, kwa sababu jibu likianza kutoka tunataka kulirekebisha hapo hapo. Muache amalize. Akisema "mlima utakula shule," usicheke na usimkatize. Mwambie, "Ahaa, unafikiri mlima utashuka shuleni. Na wewe utakuwa wapi?" Mara nyingi jibu la swali la pili ndilo lenye hofu yenyewe.

Asiyeongea mpe kaa la makala (mkaa) na kipande cha karatoni achore. Au tazama anavyocheza. Watoto wa hapa hujenga nyumba za matope wakaziangusha kwa maji, mara nyingi kwa siku. Mama mmoja anaweza kuona huo ni mkosi na kumchapa. Usimchape. Hiyo ndiyo njia ya mtoto mdogo ya kulitafuna jambo kubwa mpaka limezeke. Ila ukiona mchezo unamwacha na huzuni zaidi kila siku, ingia naye umuulize, "Watu wa nyumba hii walikimbilia wapi? Nani aliwapokea?" Ataanza kuwatafutia njia ya kutoka.

## Hatua ya 2: Soma mwili wake

Mtoto mdogo hasemi "nina wasiwasi." Anasema tumbo linauma. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anarudia. Anang'ang'ania kikwembe cha mama hadi chooni. Anaota ndoto mbaya, au anakataa kulala kabisa usiku wa mvua. Mwenye miaka 7 au 8 huenda akawa mkali, akapiga wadogo zake, au akaporomoka shuleni kwa sababu darasani anachungulia dirisha.

Kabla hujaliita tumbo hilo hofu, mpeleke kituo cha afya apimwe minyoo na malaria. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu katika mji wetu magonjwa hayo ni mengi na mtoto anaweza kuwa na yote mawili, hofu na minyoo.

Na umwangalie sana yule mtulivu, asiyelia, anayesaidia kazi zote, anayesifiwa kwamba amekomaa. Huyo mara nyingi ndiye amejipa zamu ya kuilinda nyumba.

## Hatua ya 3: Uso wako kwanza

Wingu likitanda, mtoto hatazami juu, anakutazama wewe. Kama wewe mwenyewe umeanza kukimbia huku na kule ukipiga kelele juu ya bidoni na nguo zilizo kwenye kamba, amekwisha kupata habari.

Huhitaji kujifanya jasiri. Sema kwa sauti ya chini: "Mimi pia sipendi mvua kubwa hivi. Nimeangalia ukuta, nimesafisha mfereji wa kanivo. Sasa tunakaa hapa pamoja." Anasikia kwamba hofu inaweza kuwepo na mtu akaendelea kupika. Usimwambie mtoto wa kiume kwamba wanaume hawalii. Ataendelea kulia, ila atajificha.

## Hatua ya 4: Mpe ukweli unaomtosha

Mwenye miaka 3 hadi 5 anahitaji sentensi chache tu, zilezile kila mara. "Mvua inatuletea maji. Ikinyesha sana, udongo unalegea. Ndiyo maana papa ameukagua ukuta. Mimi niko na wewe." Ongeza jambo moja ambalo wazazi hawalifikirii: "Si wewe uliyeileta." Watoto wa umri huu huamini kwamba mawazo na makosa yao yana nguvu ya kufanya mambo yatokee. Alimtukana dada yake mchana, usiku ikaja mvua ya mawe, basi kwake hesabu imekamilika.

Kuanzia miaka 6 anaweza kuelewa zaidi. Mimi hupenda kusema hivi: dunia imefunikwa na hewa kama mtu aliyejifunika blanketi. Bila blanketi hilo tungeganda kwa baridi. Lakini kwa zaidi ya miaka 150 moshi wa viwanda, magari na makaa ya mawe, hasa katika nchi tajiri, umelifanya blanketi liwe zito, na dunia imepata joto. Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka, inaweza kushuka kwa nguvu zaidi. Wewe mtu mzima ujue pia kipimo chake: kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7.

Lakini usiitupie tabianchi kila kitu. Baada ya maafa ya Kalehe, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima mchango wa mabadiliko ya tabianchi, wakasema wazi kwamba hawawezi kutoa jibu kwa sababu vipimo vya mvua katika eneo hili la Ziwa Kivu ni vichache mno. Na hapa mjini tuna sababu zetu wenyewe: milima mikali, miti iliyokatwa, nyumba juu ya nyumba, kanivo zilizojaa plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience ulionyesha kwamba kule Funu mlima unateremka polepole kwa miaka mingi, na kwamba ujenzi wa mji juu yake umeuongezea kasi. Mtoto akisikia kwamba baadhi ya sababu ziko mikononi mwa watu, anapata pa kushika. Akisikia tu kwamba dunia imeharibika, hana pa kushika.

Sasa mtenganishie hofu nyingine, moja moja, kwa siku tofauti.

Nyiragongo iko karibu na Goma, ng'ambo ya pili ya ziwa. Ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na hailetwi na mvua wala na moshi wa magari. Kule Goma kuna kituo cha wataalamu ambao kazi yao ni kuisikiliza. Watoto wengi wa hapa walikutana na jamaa waliokimbia kwa boti mwezi Mei 2021, kwa hiyo wanaiogopa kana kwamba iko Kadutu. Mwonyeshe kwenye ramani.

Gesi ya ziwa ipo kweli, imeyeyuka katika maji ya chini kabisa, kwenye kina cha zaidi ya mita 250. Mvua ya kawaida haiwezi kuichokoza huko. Upande wa Rwanda wanaivuta kwa mabomba na kuitumia kutengeneza umeme kwa kiwango kikubwa tangu mwaka 2016. Mtoto akisikia kwamba kitu alichokiogopa kinawasha taa za watu, huwa anatulia kwa namna inayonifurahisha kila mara.

Kuna maswali ambayo yatakubana. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Nyumba yetu itaanguka?" Usiape kwamba haitaanguka. Sema: "Tunaiangalia kila wiki. Tukiona dalili, tutaondoka kabla." Hakikisha basi kwamba mnaiangalia.

"Ni sisi tunaoharibu kwa kupika na makala?" Makala yanakula misitu, ni kweli, hata ya hifadhi ya Kahuzi-Biega. Lakini mtoto asiondoke akidhani chakula cha mama yake ndicho kinachoua dunia. Mwambie kwamba watu wazima wanatafuta njia nyingine ya kupika, na kwamba kwa upande wa mafuta, gesi na makaa ya mawe Mkongomani mmoja hutoa sehemu ndogo sana ukilinganisha na Mmarekani mmoja.

"Mungu anatuadhibu? Ni mwisho wa dunia?" Hapa kila nyumba ina imani yake, na sitaingilia. Ninaomba jambo moja tu, wazazi na wachungaji: mtoto wa miaka mitano asiachiwe picha ya Mungu anayezika watoto wa Nyamukubi. Mweleze juu ya wale waliochimba kwa mikono yao kuwatafuta jirani zao. Hayo nayo yalitokea.

## Hatua ya 5: Mpango wa usiku wa mvua

Kama utafanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii. Maneno matamu hayamlazi mtoto anayejua kwamba ukuta una ufa. Mpango unamlaza.

Anza siku kavu. Mwezi wa nane ni mzuri, kipwa bado kipo na mvua za mwezi wa tisa hazijaanza. Mzunguke nyumba, kwanza watu wazima peke yao. Tafuteni ufa mpya ardhini au ukutani, mlango ulioanza kukwama bila sababu, mti au nguzo ya umeme iliyoinama, chemchemi iliyotokea mahali pasipokuwa na maji au iliyogeuka matope ghafla. Mkiziona dalili hizi, jambo hilo si la mtoto tena. Mwiteni shefu wa avenyu, na usiku wa mvua kubwa msilale hapo. Najua wengi hawana pa kuhamia. Lakini kulala kwa tantini usiku mmoja wa mvua kubwa kunawezekana kwa wengi wetu, na mtoto ambaye tayari anajua "mvua ikiwa kali sana tunalala kwa tantini" ana amani kuliko yule anayebahatisha.

Kisha mpangieni njia. Mtatoka kwa mlango upi, mtapita wapi, mtakutana wapi kama mmetengana. Njia isipite kwenye bonde wala kando ya mto Kawa, na isipite chini ya nyaya zinazoning'inia. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto asivuke kamwe, hata kama ni kanivo anayoiruka kila siku akienda shule.

Amueni nani anambeba nani. Mama ana mtoto mchanga, yaya anamshika mdogo mkono, koko anasaidiwa na papa. Semeni majina kwa sauti, mtoto asikie jina lake likitajwa pamoja na jina la atakayemshika.

Mpeni kazi moja ndogo, ya kwake kabisa. Nzuri kuliko zote ni viatu: kila usiku anaviweka karibu na mlango, vikitazama nje. Mkubwa kidogo anaweza kutunza tochi. Mfuko wenye vitambulisho, kadi za chanjo, dawa na nguo kavu ni wa watu wazima, ila ndani mtoto atie kitu chake kimoja anachokipenda.

Mfanye mazoezi mchana, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua. Mtu anasema "tunatoka," kila mmoja anashika wake, mnakwenda hadi mahali pa kukutania, mnarudi kula. Bila kelele na bila kushindanisha watoto nani amefika kwanza.

Halafu kuna ahadi. Watoto wengi wa hapa hawalali usiku wa mvua kwa sababu wanalinda. Wanadhani wakisinzia, hakuna atakayejua, au familia itakimbia na kuwasahau. Mwambie hivi, ukimtazama: "Usiku wa mvua mimi ndiye mlinzi. Wewe lala. Tukilazimika kuondoka, nitakuamsha mimi mwenyewe na nitakushika mkono." Hii ni ahadi ambayo unaweza kuitimiza. Kwamba mlima hautashuka huwezi kuahidi. Kwamba utamwamsha, unaweza. Basi itimize: mvua ikiwa kubwa, watu wazima wapokezane zamu kweli, na asubuhi mwambie uliyoyaona. "Mvua iliacha kabla ya jogoo. Niliangalia ukuta mara mbili. Uko vilevile."

Wakati mvua inapiga manjanja, mabati ya paa, na sauti haisikiki, mweke mgongo wake kifuani kwako mpulize pamoja, polepole, kana kwamba kikombe cha chai ya moto kiko mbele yenu: kuvuta kwa pua, kupuliza kwa mdomo kwa muda mrefu. Mapumzi marefu ya kutoka ndiyo yanayoutuliza moyo unaokimbia. Fanya naye zoezi hili mchana kwanza, lisije kuwa jipya usiku.

## Hatua ya 6: Mfundishe kupima

Mtoto akipima kitu, anaanza kukitazama badala ya kukikimbia. Vitu viwili vinapimika bila fedha.

Cha kwanza ni radi. Si kwamba watoto wetu ni waoga: utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliliweka eneo la Kabare nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Akiona mwanga, ahesabu sekunde hadi sauti ifike. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Sekunde 9, radi iko kilomita 3. Zikiongezeka, inaondoka. Fanyeni hivyo mkiwa ndani, mbali na mlango na dirisha, na ajue kwamba kwenye mti na kwenye uwanja wa mpira si pa kujificha.

Cha pili ni mvua yenyewe. Chukua chupa ya plastiki ya maji yenye pande zilizonyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iingie ndani kama faneli. Weka vijiwe chini isianguke, mimina maji hadi pale chupa inapoanza kunyooka, chora mstari: hiyo ni sifuri. Juu ya mstari huo bandika kipande cha karatasi chenye milimita zilizonakiliwa kutoka kwenye rula. Iweke mahali pa wazi, mbali na kuta na majani, na mtoto asome kila asubuhi saa moja, aandike kwenye daftari, kisha arudishe maji kwenye sifuri.

Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita mraba 30 ni lita 600, yaani bidoni 30 za lita 20. Mwalimu wa hesabu ana somo la wiki nzima hapo. Baada ya mwezi mmoja mtoto ataona mwenyewe kwamba mvua nyingi zilizomtisha zilikuwa za kawaida, na zile kubwa zilikuwa chache. Na katika eneo ambalo wanasayansi wanalalamika kwamba halina vipimo vya kutosha, daftari la mtoto wa Bagira halidharauliki.

Kazi nyingine za mikono zinafaa pia: kutoa plastiki kwenye kanivo siku ya jua, kupanda nyasi za vetiva au mianzi kwenye ukingo. Lakini angalia kipimo. Mtoto afanye kazi anayoweza kuimaliza kabla ya chakula cha jioni. Usimwambie kwamba yeye ndiye atakayeiokoa dunia. Huo ni mzigo, na wa wengine kuubeba.

## Hatua ya 7: Simu na redio

Picha za maiti baada ya maporomoko zinafika kwenye WhatsApp kabla miili haijazikwa. Mtoto akiona, haelewi kwamba ni tukio moja lililorudiwa. Kwake kila video ni mlima mwingine ulioshuka. Usifungue picha hizo mbele yake, na usizitume. Habari za redio zisikilizwe mara moja kwa siku, kisha izimwe, na umweleze kwa maneno yako. Akiwa tayari ameona, mwambie, "Ulichoona kilitokea kweli, kilitokea mahali fulani, na kimekwisha. Uniambie ni kitu gani kimebaki kichwani."

## Hatua ya 8: Darasani

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 chini ya manjanja hawezi kufundisha mvua ikinyesha, na ni heri asilazimishe. Tumia dakika hizo. Wimbo wa kupokezana wenye makofi unafanya kazi vizuri kwa sababu mwili mzima una shughuli. Kisha hesabuni radi pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka, waonyesheni watoto wote mahali pa kukusanyika, na mkubaliane na wazazi juu ya jambo ambalo shule nyingi hulisahau: mvua kubwa ikiwakuta darasani, mtoto haachiliwi aende peke yake, anabaki mpaka maji yapungue au mtu wa kwao aje. Mtoto ambaye amesikia mzazi na mwalimu wakisema jambo moja hapati sababu ya kutoroka.

Anayelia asitolewe mbele ya wenzake. Mketishe karibu na rafiki yake.

## Hatua ya 9: Aliyefiwa

Kwa mtoto aliyepoteza mtu kwenye maji au udongo, hofu na kilio vimefungamana. Mwambie kwa neno lenyewe: amekufa. Usiseme amelala, kwa sababu ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, kwa sababu atamngoja, na atakasirika kwamba hakuaga. Atauliza swali lilelile mara nyingi. Jibu vilevile kila mara, bila kuchoka. Mruhusu awe kwenye kilio, ale na wengine, aimbe nao. Akienda kucheza katikati ya msiba, si kwamba amesahau. Watoto wadogo huingia kwenye huzuni na kutoka, mara nyingi kwa siku.

Kama mwili haukupatikana, kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za Kalehe, tafuteni mahali na siku ya kumkumbuka: mti, jiwe, sala. Mtoto anahitaji pa kwenda.

## Hatua ya 10: Wakati wa kutafuta msaada

Baada ya mvua mbaya, hofu ya wiki mbili tatu ni ya kawaida, na hupungua nyumba ikirudi kwenye ratiba yake ya kula, kusoma na kulala. Nenda kwa wahudumu wa afya kama mwezi umepita na hali haipungui, kama haendi shule kabisa, kama halali hata siku za jua, au kama anashtuka na kuganda kana kwamba tukio linatokea tena. Usingoje mwezi kama ameacha kula au kuongea, anajiumiza, au anasema anataka kufa. Mtoto wa miaka 7 akisema hivyo, msikilize kama ambavyo ungemsikiliza mtu mzima, na uende siku hiyo hiyo.

Anza na kituo cha afya cha mtaa wenu. Wakiona haja, watakutuma mbele. Bukavu ina SOSAME, hospitali ya afya ya akili, na Hospitali ya Panzi nayo ina wanasaikolojia. Kwenda huko hakumaanishi kwamba mtoto ana wazimu. Mwambie jirani atakayekuuliza kwamba umempeleka kwa daktari, yatosha.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi lini ilianza, ni nini kilitokea wiki hiyo, analala saa ngapi, anakula nini, na ni wakati gani anakuwa afadhali. Hilo la mwisho usiliache, maana ndipo mhudumu ataanzia. Na mtoto umweleze mnakokwenda kabla hamjapanda motari: "Tunakwenda kwa mtu anayejua mambo ya hofu. Hana sindano. Nitakaa karibu, na nikitoka chumbani nitakuambia nitakuwa nimeketi wapi."